Kinachopandisha na kushusha bei ya vifaa vya nyota wa besiboli

AGOSTI 2024, jezi kuukuu iliyovaliwa na mchezaji wa besiboli Babe Ruth iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 24.12 milioni. Mwaka 2005, jezi hiyo hiyo ilikuwa imenunuliwa kwa dola 940,000.

Ruth, nyota wa New York Yankees, aliivaa Oktoba 1, 1932 jijini Chicago katika mechi ya tatu ya fainali dhidi ya Cubs. Yasemekana alinyoosha mkono kuonyesha atakakoupeleka mpira, kisha akaugonga ukavuka ua wa uwanja, pigo liitwalo homurani.

Iwapo kweli alionyesha mahali, ama aliwakejeli wapinzani tu, ni ubishi ambao haujakwisha hadi leo. Ubishi huo haujaipunguzia jezi thamani. Pengine ndio unaoiongezea.

Lakini si kila kifaa hupanda bei hivyo, na mfano ulio wazi zaidi ni mpira wa Mark McGwire.

Mwaka 1998, McGwire wa St Louis Cardinals alipiga homurani 70 katika msimu mmoja, na kuivunja rekodi ya 61 iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961. Mchoraji wa vibonzo Todd McFarlane aliununua mpira wa pigo hilo la 70 mwaka 1999 kwa takriban dola milioni tatu.

Rekodi hiyo haikudumu. Mwaka 2001, Barry Bonds alifikisha 73, na McFarlane akaununua mpira huo pia mwaka 2003, mara hii kwa dola 450,000 tu. Kufikia wakati huo shaka ya dawa za kusisimua misuli ilikuwa imeutanda mchezo huo, na Januari 2010 McGwire mwenyewe alikiri kuzitumia.

Hivyo, anayenunua kifaa cha mchezaji ambaye angali uwanjani hununua pia sifa ambayo bado yaweza kuchafuka. Ruth, aliyefariki mwaka 1948, hana tena la kumharibia mnunuzi.

Ushahidi nao ni jambo jingine. Katika miaka ya tisini, shirika la upelelezi FBI lilifichua mitandao ya walaghai waliouza vifaa vyenye saini bandia. Tangu 2001, ligi kuu ya Marekani huwaweka maafisa wa polisi, wakiwemo wastaafu, kushuhudia mechi na kubandika kibandiko chenye nambari kwenye mipira, magongo na jezi.

Vifaa vya kale havina kibandiko hicho. Wataalamu hulinganisha mishono, herufi na madoa yake na picha zilizopigwa siku ya mechi, jinsi ilivyofanyiwa jezi ya Ruth. Ndiposa jasho, matope na nyufa za gongo huachwa vilivyo. Anayeifua jezi huenda akaifutia ushahidi wake.

Hata hivyo, wanunuzi hawajaacha kuwakimbilia walio hai. Oktoba 2024, mpira ambao Shohei Ohtani alipigia homurani yake ya 50, katika msimu aliokuwa wa kwanza kufikisha homurani 50 na kuiba vituo 50, uliuzwa kwa dola 4.392 milioni kwa kampuni ya Taiwan, huku mashabiki wakizozana mahakamani kuhusu nani aliyeudaka kwanza.