Wapanda Mlima Waliojenga Shule: Habari za Khumjung, Nepal



Sisi wa Marangu tumezoea wageni wa mlima. Tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kilele cha Kibo mwaka 1889, watu wetu wamebeba mizigo, wameongoza njia na kupika huko juu. Siku hizi baadhi ya wageni hukaa kwanza kijijini siku kadhaa, wakifundisha au kupaka rangi madarasa, ndipo wapande. Kamati inatafuta namna njema ya kuwapokea, na tumeona tusimulie habari za watu wengine wa mlimani waliotutangulia katika jambo hili, Washerpa wa Nepal.

Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay, Msherpa, walifika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953. Kazi ya Hillary ilikuwa kufuga nyuki (wazee wetu wenye mizinga watampenda kwa hilo). Mwaka 1960 alirudi huko na msafara wa kuchunguza jinsi mwili unavyostahimili kukaa juu sana, na pia kumtafuta yeti, mnyama wa hadithi. Yeti hakuonekana. Lakini Hillary aliwauliza Washerpa wangependa wasaidiwe nini, wakajibu: shule. Shule ya Khumjung ikafunguliwa mwaka 1961, jengo la alumini.

Mwaka 1964 wakatengeneza uwanja mdogo wa ndege huko Lukla, ili vifaa vya hospitali visibebwe tena mgongoni kwa siku nyingi. Udongo ulikuwa laini mno. Washerpa wakashikana mikono, wakacheza ngoma yao juu yake mpaka ukashindiliwa. Kwetu huo ni msaragambo kabisa. Hospitali ya Khunde ikafunguliwa mwaka 1966, na madaktari wake wa kwanza walijitolea kutoka New Zealand.

Yalikuwapo machungu pia. Uwanja wa Lukla ukawa mlango wa watalii, na miti mingi ikaishia kuwa kuni za kambi. Mwaka 1975 mke wa Hillary, Louise, na binti yao Belinda walifariki katika ajali ya ndege Kathmandu, wakienda kumfuata Phaphlu alikokuwa akijenga hospitali nyingine. Hata hivyo aliendelea kurudi kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2008. Mingma Norbu Sherpa, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Khumjung, akaja kuwa mhifadhi wa Hifadhi ya Sagarmatha iliyoanzishwa 1976. Mwanafunzi mwingine wa shule hiyo akawa daktari na kuiongoza hospitali ya Khunde.

Mgeni wa juma moja hawezi kufanya ya Hillary, na kwa kupaka rangi fundi wetu anamshinda. Kwa hiyo safari hii tumeandika mahitaji yetu wenyewe kabla wageni hawajafika: vyoo vya shule, matangi ya maji ya mvua, na kukarabati mfereji. Mafundi watakuwa wa hapa hapa. Mgeni atakayetaka kushika koleo atafanya kazi chini yao siku ya msaragambo. Michango ya wanachama itapokelewa kwanza, kwenye kikao cha Desemba mtakaporudi nyumbani, ili wageni wakute msingi umeshachimbwa.