Mji Mmoja, Nchi Mbili: Daraja la Laufenburg Lililopishana kwa Sentimita 54

Hebu vuta picha. Nchi mbili tajiri, zote zinasifika duniani kwa kupima vitu mpaka tone la mwisho. Moja inajulikana kwa magari, nyingine kwa saa za mkononi. Zinakubaliana kujenga daraja la pamoja juu ya mto. Kila mmoja anaanzia upande wake, halafu wakutane katikati. Mwaka 2003, kazi ikiwa imeshapamba moto, watu wanapima na kukuta kitu cha ajabu: pande mbili hazitakutana. Upande mmoja uko juu kuliko mwenzake kwa sentimita 54. Zaidi ya nusu mita!

Nchi hizo ni Ujerumani na Uswisi, na mto ni Rhein. Stori hii imezunguka sana mitandaoni kama kichekesho, watu wanacheka, wanashea, maisha yanaendelea. Ila kinachosahaulika ni kwamba sehemu lilipojengwa daraja hilo ni mji wa Laufenburg, na huo ulikuwa mji mmoja kabisa mpaka pale watu wa mbali walipoukata katikati kwa kalamu. Ukiijua stori ya mji, zile sentimita 54 unaziona kwa jicho jingine.

Kwenye kisa hiki hakuna staa. Ni wavuvi, vibarua wa mtoni, mainjinia na watu wa mtaani tu. Twende sawa.

Mto uliokuwa unanguruma

Laufenburg upo kusini kabisa mwa Ujerumani, mahali ambapo Rhein inatoka Ziwa Konstanz na kuelekea mji wa Basel. Upande wa kaskazini wa mto ni Ujerumani, upande wa kusini ni Uswisi. Jina la mji linaonekana kwenye maandishi toka mwaka 1207, na kwa karne nyingi pande zote mbili zilikuwa chini ya ukoo wa Habsburg, wale wale watawala wa Austria.

Ukienda leo utakuta maji yametulia, mazuri, yanaakisi nyumba za rangi zilizobanana ukingoni. Usidanganyike. Zamani hapo palikuwa hapakaliki. Mto ulikuwa unabanwa na miamba, maji yanaruka, yanazunguka, yanatoa povu na mngurumo. Maporomoko hayo ndiyo yaliitwa Laufen, na ndiyo yaliyoupa mji jina lake.

Sasa sikia ujanja wa wenyeji. Meli na mashua za mizigo hazikuweza kupita hapo zikiwa zimejaa. Kwa hiyo ilibidi mzigo ushushwe, ubebwe nchi kavu mpaka ng'ambo ya maporomoko, halafu mashua tupu iteremshwe taratibu kwa kamba. Magogo yaliyofungwa pamoja kuelea mtoni yalifunguliwa, yakaachiwa yapite moja moja, kisha yakakusanywa na kufungwa upya huko chini. Kazi hiyo ilikuwa na watu wake maalumu, walioitwa Laufenknechte, yaani vibarua wa maporomoko. Walikuwa wanakula kutokana na hatari ambayo wengine wanaikimbia.

Na samaki je? Samoni walikuwa wanapanda mto kutoka baharini kwenda kutaga mayai, na wakifika hapo kwenye miamba ilibidi wahangaike kuruka. Wavuvi walikuwa wanawasubiri. Chama cha wavuvi wa mji mpaka leo kinabeba mwaka 1386 kwenye jina lake. Ongeza na wafua chuma waliotumia nguvu ya maji kuendesha nyundo zao, utaona kwamba mji mzima ulikuwa unaishi kwa mkondo ule.

Ila mkondo haukuwa na utani. Oktoba 1793 walifika vijana wawili wa Kiingereza, mmoja wao lord wa miaka 24, wakataka kupita maporomoko kwa mashua kwa ajili ya kujifurahisha tu. Wenyeji waliwakataza. Inasimuliwa kwamba hata mtumishi wa yule lord alimshika nguo amzuie, akamponyoka. Wakaingia majini. Hawakurudi. Wiki chache kabla yake, jumba la ukoo wa yule kijana huko Uingereza lilikuwa limeungua moto, na inasemekana barua ya kumpa taarifa ilikuwa bado iko njiani. Mtu amekufa bila kujua kwamba hata kwao hakupo tena.

Kalamu iliyokata mji

Miaka michache baadaye likaja jambo ambalo wenyeji hawakuweza kulikwepa kwa kamba wala kwa ujanja.

Ufaransa ya Napoleon ilikuwa imeitandika Austria vitani. Tarehe 9 Februari 1801 wakubwa wakasaini mkataba kwenye mji wa Lunéville, huko Ufaransa, mbali kabisa na Laufenburg. Mto Rhein ukawa mpaka. Kwenye ramani inaonekana safi sana: mto si ni mstari uliochorwa tayari? Tatizo ni kwamba huko Laufenburg, mto ulikuwa unapita katikati ya mji. Kwa mwenyeji, ule mto ulikuwa kama barabara ya mtaani kwake.

Mwaka 1803 upande wa kusini ukaingizwa rasmi Uswisi, kwenye jimbo la Aargau. Upande wa kaskazini, miaka michache mbele, ukaangukia dola ya Baden, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Ujerumani. Hivyo tu. Mtu kalala mjini kwake, kaamka nusu ya mji ni ugenini.

Na mgawanyo wenyewe haukuwa sawa. Upande wa kusini ndio uliokuwa mkubwa. Ngome na kanisa la parokia vilikuwa huko. Upande wa kaskazini ulikuwa mdogo mpaka ukaitwa Kleinlaufenburg, yaani Laufenburg Ndogo. Fikiria wewe ni mvuvi wa upande huo mdogo. Kanisa ulilobatiziwa liko nchi nyingine. Kaburi la bibi yako liko nchi nyingine. Shemeji yako, ambaye mlikuwa mnapakana naye kwa daraja la mbao tu, sasa yuko chini ya serikali nyingine na ushuru mwingine.

Hakuna aliyewauliza.

Baruti, na ukimya

Karne moja mbele, dunia ikawa na kiu mpya: umeme. Mainjinia wakaangalia maporomoko ya Laufenburg, wakaona nguvu inapotea bure. Ukaja mpango wa kujenga kituo kikubwa cha kufua umeme chini kidogo ya mji.

Hapo ndipo patamu. Wasomi na wasanii wa Ujerumani walikuja juu. Wakasema Laufen ni moja ya sehemu nzuri kuliko zote kwenye Rhein, haiwezekani ifukiwe kwa ajili ya mashine. Walisaini barua na wakapiga kelele. Lakini wenyeji wengi walikuwa wanautaka mradi. Walitaka kazi na pesa. Uzuri wa maporomoko kwao haukuwa picha ya ukutani. Walikuwa wameshabeba mizigo kuyazunguka kwa karne nyingi.

Nani alikuwa sahihi? Ugomvi wa namna hii haujaisha mpaka leo, kila penye mto na bwawa.

Serikali ya Baden iliruhusu mradi, halafu ikafanya kitu kinachotia huruma kidogo: ikampa kazi mchoraji ayachore maporomoko kabla hayajatoweka. Ni kama kumpiga mtu picha nzuri siku moja kabla ya kumfukuza nyumbani. Ujenzi ukaanza mwaka 1908. Miamba ikalipuliwa kwa baruti, maji yakapandishwa, na kufikia 1914 kituo kilikuwa tayari. Daraja la zamani la mbao nalo liliondoka, likajengwa jingine imara lililokamilika mwaka 1911.

Mngurumo ukakatika. Mji uliozoea kelele usiku na mchana ukawa kimya. Vibarua wa maporomoko hawakuwa na maporomoko tena. Mabwawa yalipozidi kuongezeka kwenye Rhein, na uchafu wa viwanda nao ukaingia majini, kufikia miaka ya 1950 samoni walikuwa wametoweka mtoni.

Na mwaka uleule wa 1914 vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Ikaja ya pili mwaka 1939. Mara zote mbili Ujerumani ilikuwa vitani na Uswisi haikuwemo. Yaani mji mmoja wa zamani, mto mmoja, upande huu watoto wa watu wanapelekwa mstari wa mbele, upande ule hapana. Ile kalamu ya 1801 ndiyo iliyoamua nani aende, zaidi ya miaka mia moja baada ya mkataba kusainiwa, waliosaini wakiwa wameshakufa zamani.

Sifuri yako iko wapi?

Sasa turudi kwenye daraja letu. Magari yalikuwa yamezidi kwenye mitaa ile finyu ya zamani, ikaamuliwa lijengwe daraja jipya pembeni ya mji. Na mainjinia hawakuwa wazembe, hilo liwekwe wazi.

Ukisema jengo liko mita fulani juu ya usawa wa bahari, swali ni bahari ipi? Ujerumani inahesabu kuanzia usawa uliopimwa Amsterdam, kwenye Bahari ya Kaskazini. Uswisi haina bahari, kwa hiyo vipimo vyake vinaanzia kwenye jiwe lililoko Ziwa Geneva, na urefu wa jiwe hilo ulipimwa kutokea bahari ya Mediterania, huko Marseille. Bahari hizo mbili hazilingani. Tofauti ya vipimo hivyo ni sentimita 27.

Mainjinia walilijua hilo kabla hata ya kuanza kazi. Waliliweka kwenye hesabu. Ila mahali pa kutoa, mtu akajumlisha. Badala ya 27 kufutika, ikawa 27 mara mbili. Hizo ndizo sentimita 54.

Ikabidi upande wa Ujerumani ushushwe, na Desemba 2004 daraja likafunguliwa. Dunia ikacheka. Lakini kwa mtu wa Laufenburg ilikuwa ni kama mto unamkumbusha: miaka 200 ya kuishi na serikali mbili, mpaka "sifuri" zenu zimekuwa mbili. Mnatazamana kila asubuhi, mnasikia kengele za kanisa moja, lakini ukimuuliza kila mmoja ardhi inaanzia wapi, majibu hayafanani.

Na hapo kuna somo hata kwa wasiojenga madaraja. Watu wengi wanaanzisha biashara, ndoa au urafiki kila mmoja akiwa na hesabu nzuri kabisa upande wake. Hakuna mjinga. Hakuna mwongo. Wanashindwa kukutana katikati kwa sababu hawakukaa chini kuulizana: wewe unaanza kuhesabu kutoka wapi?

Ukienda leo

Daraja jipya lilipofunguliwa, lile la zamani likafungwa kwa magari. Sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli, na ndilo tamu kuliko yote. Unasimama katikati, mguu mmoja Ujerumani, mguu mmoja Uswisi. Uswisi iliingia mfumo wa Schengen mwaka 2008, kwa hiyo hakuna wa kukuuliza pasipoti kila ukivuka, ingawa watu wa forodha wanaweza kukagua ulichobeba. Upande mmoja unalipa euro, mwingine faranga. Waswisi wanavuka kwenda kununua vitu Ujerumani kwa sababu bei ni nafuu. Ukiwa na nguvu, panda kilima cha upande wa Uswisi mpaka kwenye magofu ya ngome ya Habsburg. Ukiwa juu huko miji miwili inaonekana kama mmoja tu.

Halafu kuna kitu kinafanya mtu atabasamu. Kabla ya Kwaresima ukifika msimu wa kanivali, kile chama cha wavuvi cha 1386 kinatoka mtaani. Wanavaa nguo za viraka vya rangi na vinyago vya mbao, wanawarushia watoto matunda na vyakula. Wanachama wake wanatoka pande zote mbili za mto. Samoni waliondoka, maporomoko yalizama, Napoleon alishazikwa, chama bado kipo na bado ni kimoja.

Na kingine cha mwisho. Mwaka 1958, upande wa Uswisi wa Laufenburg, ndipo mitandao ya umeme ya Ujerumani, Ufaransa na Uswisi ilipounganishwa. Mahali hapo wanapaita Nyota ya Laufenburg. Mji uliokatwa kwa kalamu ukawa ndipo nchi tatu zilipoungana kwa nyaya.

Haya mdau, tuachie maoni yako. Ungekuwa mwenyeji wa Laufenburg mwaka 1908, ungesimama na wasomi waliotaka maporomoko yabaki, au na majirani zako waliotaka umeme na ajira?