Chipu za usalama kwenye kompyuta za ofisi: kwa nini zihesabiwe?

Chama cha akiba na mikopo, zahanati au shule hutunza taarifa za watu wengi kwenye kompyuta. Kompyuta ikiibiwa, nini huzilinda?

Chipu ya usalama, kwa kifupi TPM, hutunza funguo za siri za kufungia diski. Diski iliyofungwa hivyo, mwizi akiihamishia kwenye kompyuta nyingine hawezi kuisoma.

Kwa nini sasa?
Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inahitaji TPM toleo la 2.0. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Ofisi isiyojua kompyuta zake zina chipu gani inaweza kutupa iliyo nzima au kubaki na isiyo salama.

Namna ya kuhesabu
Kwenye kila kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Andika daftarini: kompyuta ipi, inatumiwa na nani, chipu ipo au haipo, na ni toleo gani.

Ukiambiwa haipo, usikimbilie kununua kompyuta mpya. Huenda imezimwa tu, na fundi anaweza kuiwasha.

Tahadhari
Kama diski imefungwa kwa BitLocker, chipu isiguswe kabla ya kuhifadhi namba ya kuifungulia, yenye tarakimu 48. Itunzeni mbali na kompyuta hiyo. Ikipotea, kumbukumbu za wanachama zinaweza kupotea nayo.