Plasta: Kidonda, Mfupa, Ukuta

Ingia duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini useme unataka kupiga plasta, na muuzaji atakuuliza mifuko mingapi ya simiti. Vuka barabara uende duka la dawa, utaje neno hilohilo, utapewa kipande kidogo cha kubandika kidoleni. Panda hadi hospitali ya Embu Level 5 uulize kuhusu plasta, utaelekezwa wanakofungwa mifupa iliyovunjika. Maana tatu ndani ya mji mmoja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Sasa, ipi ilitangulia? Wengi tungeapa ni ya ukuta, kwa sababu ukuta ni mkubwa. Kumbe ni ya kidonda. Wagiriki wa kale walikuwa na neno emplastron, yaani kitu kilichopakwa juu, nalo lilikuwa la waganga: dawa nzito unayoipaka kwenye ngozi. Kilatini kikalichukua, na ni baadaye sana huko Ulaya waashi walipoliazima kwa ajili ya kuta zao. Kwa hiyo mtoto aliyejikwaa akaomba plasta anatumia maana ya zamani kuliko ile ya fundi mwenye mwiko.

Plasta ya mfupa ndiyo inayounganisha pande hizo mbili. Imetengenezwa kwa jasi, jiwe laini lililochimbwa kwa wingi kwenye kilima cha Montmartre, Paris, ndiyo maana Waingereza wakaiita plasta ya Paris. Ukilichoma jiwe hilo, maji yaliyo ndani yake yanatoka na linabaki unga. Ukiurudishia unga maji, unageuka jiwe tena na kutoa joto. Yeyote aliyewahi kufungwa mguu analikumbuka lile joto. Mwaka 1851 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, aliusugua unga huo kwenye bendeji kavu, ili kazi ibaki kulowesha tu na kuzungusha. Kenya nayo iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zikajaa hadi vijijini, na tangu hapo mguu mweupe mgumu unaotembea kwa magongo si kitu cha kushangaza stejini.

Plasta ya kunata nayo ina kazi ambayo hata kamusi imeisahau. Katika wodi nyingi za wazazi, kipande chake huandikwa jina la mama kwa kalamu na kubandikwa mkononi mwa mtoto. Kwa saa chache, kabla ya jina lingine lolote, kitambulisho chako ni plasta.

Lakini Kiswahili hakikungoja Wazungu kujua kupaka kuta. Pwani, matumbawe yalichomwa kupata chokaa, na kuta za nyumba za mawe za Lamu zikasuguliwa neru mpaka zikang'aa. Bara Tanzania wanasema lipu, na ukisikiliza kitenzi cha Kihindi lipna, chenye maana ya kupaka au kukandika, unaona neno hilo lilivuka bahari gani. Kule Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi ambalo mwaka wake ulichorwa kwenye plasta: 802 ya Hijria, yaani 1399. Wachimbaji wa magofu walianzia hapo kuhesabu umri wa mji mzima. Plasta ndiyo iliyotunza tarehe.

Huku kwetu chini ya Mlima Kenya plasta haikutunza tarehe yoyote, kwa sababu ilikuwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Wanaume walisimamisha nguzo. Kukandika kulikuwa kazi ya akina mama. Udongo hupasuka na mvua huula, kwa hiyo kazi hiyo haikuwahi kwisha. Mkono wa mama ulipita ukutani upya, mwaka baada ya mwaka, na ukuta uliachwa na alama za vidole vyake.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kuhama kutoka kwenye mashamba yao hadi vijiji vilivyozungushiwa handaki na ulinzi. Zaidi ya watu milioni moja, zaidi ya vijiji 800. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, kwa hiyo waliokata miti, waliobeba nyasi na waliokandika nyumba hizo kwa haraka walikuwa wengi wao wanawake, mara nyingi chini ya usimamizi wa askari. Tunapenda kuhesabu bunduki za Mau Mau. Sijui kwa nini hatuhesabu ndoo za udongo.

Mwaka huohuo wa 1954 kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa simiti Mombasa. Kile cha Athi River kilifuata baadaye. Baada ya uhuru pesa za kahawa ziliijenga nyumba ya mawe, na plasta ya simiti ikawa cheo. Nyumba isiyo nayo husemwa bado "haijaisha", hata kama watu wamelala ndani miaka kumi. Nenda Manyatta au Runyenjes uone mawe yaliyo wazi yakingoja: karo kwanza, plasta baadaye.

Na kazi yenyewe ikahama mikono. Udongo ulikuwa wa mama na haukulipwa. Simiti ikawa ya fundi, kwa mita na kwa malipo. Leo kwenye mjengo wa mtaa wa Majimbo au Dallas, anayesawazisha ukuta kwa mwiko na rula ndefu mara nyingi ni mwanaume. Ukimwona mwanamke hapo, tazama mtungi: yeye ndiye anayeleta maji ya kukorogea.