Oksidi, Poda na Joto: Historia Fupi ya SAP na Warithi Wake

Aluminiamu huyeyuka katika nyuzi 660 za Selsiasi, lakini udhaifu wake huanza mapema zaidi. Aloi za jamii ya duralumini, zilizotokana na ugunduzi wa Alfred Wilm nchini Ujerumani mwaka 1906, hupata nguvu kutokana na chembechembe ndogo mno zenye shaba. Zikikaa muda mrefu katika nyuzi 200 hivi, chembe hizo hukua, idadi yake hupungua, na metali hulegea. Kwa hiyo, swali lililotawala historia hii halikuwa namna ya kuongeza nguvu tu, bali namna ya kupata chembe zisizokua.

Ni rahisi kuianza historia hiyo katika miaka ya 1980, enzi ya ugandishaji wa haraka. Kwa maoni yangu, huko ni kuianzia katikati. Jibu la kwanza lilipatikana Neuhausen, Uswisi, kando ya maporomoko ya mto Rhine, ambako aluminiamu ilizalishwa kwa umeme tangu 1888. Mwaka 1949 R. Irmann alichapisha taarifa kuhusu SAP, metali iliyotengenezwa kwa kusaga poda ya aluminiamu hadi kuwa vigamba vyembamba, kisha kuigandamiza na kuisukuma kwenye kalibu ikiwa moto. Kila kigamba kilibeba utando wa oksidi. Katika uyeyushaji wa kawaida oksidi ni uchafu wa kuondolewa. Hapa ilivunjika vipande vidogo, ikatawanyika, ikabaki vilevile, kwa kuwa haiyeyuki katika aluminiamu. SAP ilihifadhi nguvu ya kufaa hata karibu na nyuzi 500.

Sifa hiyo iliwavutia wahandisi wa nyuklia. Aluminiamu hunyonya nyutroni chache, nayo SAP ilistahimili joto la vinu vilivyopozwa kwa vimiminika vya kikaboni. Euratom iliichagua kwa ala za fueli katika mradi wa ORGEL huko Ispra, Italia, na kinu cha majaribio cha ESSOR kikaanza kufanya kazi mwaka 1967. Hata hivyo, SAP ilivutika kidogo sana kabla ya kukatika, tena haikuchomeleka vyema: ikiyeyushwa, oksidi hujikusanya na nguvu hupotea. Juu ya hayo, aina hiyo ya vinu ilipoachwa, SAP ilipoteza mteja wake mkuu. Kushindwa huko, basi, kusihesabiwe kuwa kwa metali peke yake.

Kizazi kilichofuata, nchini Marekani, kiliacha oksidi na kutumia chuma, elementi inayosafiri polepole mno ndani ya aluminiamu. Chuma karibu hakiyeyuki katika aluminiamu ngumu, hivyo metali iliyoyeyuka ilipozwa kwa kasi ya takribani nyuzi milioni moja kwa sekunde. Alcoa iliongeza seri. Allied ikaongeza vanadi na silikoni, ikapata FVS0812, iliyotarajiwa kuchukua nafasi ya titani katika sehemu za ndege zenye joto la wastani. Poda ilipaswa kutolewa unyevu katika ombwe kabla ya kugandamizwa, na oksidi iliyosalia kwenye mipaka ya chembe ikahesabiwa tena kuwa kasoro. Titani haikuondolewa.