Tunanuna, Lakini Tunahama?



Huku Riyadh, na kwa wenzetu wa Jeddah pia, kila mtandao mkubwa ukibadilisha jambo utasikia watu: "Safari hii tunahama!" Hebu tuiulize historia.

Mapema Januari 2021 WhatsApp, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2014, ilitangaza masharti mapya kuhusu taarifa za watumiaji, na mwisho wa kuyakubali ukawa tarehe 8 Februari. Jamani, dunia iliwaka! Telegram ikasema imepata watu wapya milioni 25 kwa saa 72. Signal ikaelemewa na wageni, ikazimika tarehe 15 Januari. Siku hiyo hiyo WhatsApp ikasogeza tarehe hadi 15 Mei, na baadaye ikasema asiyekubali hatapunguziwa huduma. Kwa hiyo kelele zilisaidia kidogo. Lakini kuhama? Mwaka 2020 ilikuwa na watumiaji bilioni 2. Mwaka 2025 walivuka bilioni 3. Wengi waliongeza programu ya pili kwenye simu, ile ya kwanza hawakuifuta.

Hata matajiri ni hivyo hivyo. Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa hapa Riyadh aliwekeza Twitter dola milioni 300 mwaka 2011. Aprili 2022 alikataa hadharani bei ya Elon Musk. Mwezi uliofuata akakubali kubaki na hisa zake ndani ya kampuni hiyo hiyo chini ya Musk.

Sababu ni nyepesi: mtu hahami peke yake. Ukitaka kutoka, sharti utoke na mama yako aliyeko Tanga, kamati ya harusi ya Mombasa na kundi la michango ya msiba. Nani atawakusanya wote siku moja?

Je, hakuna mtandao uliowahi kuhamwa? Upo. Yahoo Groups, ambako Waswahili wengi wa ughaibuni walikuwa na makundi yao, ilifungwa Desemba 2020. Hasira ya siku moja haikuiua. Watu waliwafuata wenzao Facebook na WhatsApp, mmoja mmoja, miaka nenda miaka rudi, mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Na Oktoba 2019 kampuni ilipotangaza kwamba itafuta yaliyohifadhiwa humo, asiyewahi kuyapakua alipoteza mijadala ya miaka mingi.

Hapo ndipo penye hatari, wandugu, kwa maoni yangu. Tunapigia kelele masharti, tunasahau kumbukumbu. Tanzia, nasaba na hoja zetu tumeziweka kwenye nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hatumjui. Kunung'unika tunaweza, kuhama ni vigumu. Basi angalau tuweke nakala.

Wasalaam.