Bunduki ya tembo kwa mlowezi asiye na hela

Leo tuzungumzie bunduki. Najua wengine mtashangaa: sisi wa kugombania daladala tuna habari gani na kuwinda tembo? Lakini kila nikisoma simulizi za wawindaji wa zamani wa huku kwetu naona kuna jambo linarukwa. Wanasifia ushujaa, wanasifia ukubwa wa pembe. Mtambo wa bunduki hawausemi sana, na nani aliruhusiwa kuushika ndiyo kabisa.

Nikisema mtambo nina maana ya ile sehemu ya katikati, inayoingiza risasi mtutuni, kuifungia humo na kutoa ganda baada ya kufyatua. Mwanzoni mwa karne ya 20 tajiri wa Kiingereza alikuja Afrika na bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa London. Mafundi waliunganisha mitutu kwa mkono, wakafyatua, wakarekebisha, wakafyatua tena mpaka risasi za mitutu yote zipige mahali pamoja. Ni kama mitambo miwili ndani ya bunduki moja: mmoja ukigoma, wa pili upo. Ubaya wake bei.

Mlalahoi je? Jibu lake lilitoka jeshini. Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki ya Mauser yenye komeo la kuvuta na kusukuma kwa mkono. Iliundwa kwa wingi, kwa hiyo mtambo wake haukuwa wa bei ya kutisha.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Komeo la Mauser lina ukucha mrefu ubavuni. Risasi ikichomoza tu kutoka magazini, ukucha unaidaka kitakoni na kuishikilia mpaka iingie mtutuni. Sasa fikiria nyati aliyejeruhiwa anakujia, amebakiza hatua ishirini. Mkono unatetemeka, unavuta komeo nusu, unalisukuma tena. Mtambo usio na ukucha wa namna hiyo unaweza kuiacha risasi ya kwanza mtutuni, ya pili ikaja kuigonga kwa nyuma. Imekwama. Umebaki na rungu la bei ghali. Winchester ya Marekani iliuondoa ukucha huo kwenye Model 70 yake mwaka 1964 ili kupunguza gharama; wawindaji wakalalamika miaka na miaka, hadi ukarudishwa miaka ya 1990.

Tatizo la Mauser lilikuwa urefu. Mtambo wa kawaida ulipimwa kwa risasi ya jeshi, yenye ganda la milimita 57, na risasi nyingi za tembo hazikuenea humo. Waingereza walilimaliza kwa pesa: Rigby wa London walipotoa risasi yao ya .416 mwaka 1911, waliiwekea mtambo mrefu maalumu wa Mauser. Otto Bock, fundi wa Berlin, alikuwa ameshapita njia nyingine. Mwaka 1905 aliuchukua mtambo wa kawaida kama ulivyo, akabuni risasi ya kuenea ndani yake: kipenyo milimita 9.3, ganda milimita 62, uzito wa risasi gramu 18.5 hivi. Mlowezi wa Kijerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika akapata bunduki moja ya kumpatia swala wa kitoweo na kumwangusha tembo aliyevamia shamba. Kusema kweli, fundi huyu alikuwa na akili.

Lakini hebu utazame tena huo mwaka. 1905. Julai mwaka huohuo watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na vita vya Maji Maji vikaanza. Walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Gobori unalimiminia baruti mdomoni, unashindilia, unafyatua mara moja, unaanza upya huku adui anakuja. Askari weusi wa Mjerumani nao walibeba kwa wingi Mauser ya zamani ya 1871, ya risasi mojamoja na moshi mzito. Hata vita vya dunia vilipoanza mwaka 1914 wengi wao walikuwa nayo bado. Mitambo ilikuwa na madaraja kama mabehewa ya treni: mlowezi 98, askari 71, mkulima gobori.

Na gobori lenyewe akanyang'anywa. Waliojisalimisha walitakiwa kusalimisha silaha. Ikafuata njaa, na makadirio mengine ya waliokufa yanafika 300,000. Mashamba yakarudi kuwa pori, nguruwe na tembo wakasogea hadi mlangoni, na mwenye shamba hana cha kuwafukuzia. Sheria ya uwindaji ya gavana Wissmann ilikuwepo tangu 1896, pamoja na leseni zake za kulipia. Mlowezi akiua tembo ni mwindaji. Mkulima akimuua, jangili.

Risasi ya Bock inatengenezwa hadi leo, na wapenzi wake Ulaya huisifia kuwa ndiyo iliyokuwa bunduki ya mkulima wa Afrika. Mkulima yupi?

Kama babu au bibi yako wa Songea, Kilwa au Mahenge aliwahi kukusimulia jinsi magobori yalivyokusanywa kijijini kwao, tafadhali niandikie. Nataka niyakusanye masimulizi hayo wakati wazee waliyoyasikia bado wapo.